Kireno cha Ngazi ya Kati kwa Wiki 8: Mwongozo kwa Anayejifunza Akiwa Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuvuka salamu. Unajua kujitambulisha, kuuliza bei, kuhesabu mpaka milioni, na ukisoma kichwa cha habari unapata kinachozungumziwa. Lakini akikupigia simu mtu wa Nampula, Msumbiji, akaanza kueleza kwa nini malipo yamechelewa, unabaki na "sim, sim" tu mdomoni. Hapo uko B1 (ngazi ya kati kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya kinachoanzia A1 mpaka C2) au unaikaribia. Unakotaka kufika ni B2, yaani kuweza kusimulia, kubisha, kuomba radhi na kudai chako bila kusimama katikati ya kila sentensi.

Watu wa Kanda ya Ziwa wanaojifunza Kireno wana sababu zao. Kuna biashara ya Msumbiji, masomo ya Brazil, utume wa kanisa, na ukalimani kwenye vikao vya SADC, ambako Kireno ni lugha rasmi tangu zamani na Kiswahili kiliongezwa mwaka 2019. Shida yetu ni umbali. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010 juu ya Mto Ruvuma, liko upande wa pili wa nchi. Huwezi kushuka Nyegezi stendi ukakutana na Kireno kinazungumzwa. Hapa Mwanza lazima ukitengeneze mwenyewe, kila siku, kwa simu na daftari.

Jambo moja nitalirudia mpaka unichoke: acha kupitia Kiingereza. Wengi tunajifunza hivyo kwa sababu vitabu na programu za simu zimeandikwa hivyo, na kwa anayeanza haina madhara makubwa. Ngazi ya kati ndipo inapokugharimu. Yale yanayoitwa magumu ya ngazi hii, Kiswahili kinayo tayari, tena tunayatumia tangu utotoni. Kiingereza kwa sehemu kubwa kimeyapoteza.

Hatua ya 1: Jirekodi kabla hujafanya lolote

Chukua simu, jirekodi dakika tatu kwa Kireno. Dakika ya kwanza simulia jana yako. Ya pili eleza utakachofanya kesho na kitakachoweza kukikwamisha. Ya tatu mwombe mtu afanye kitu, na umweleze kwa nini. Usiandike kwanza, ongea tu.

Kisha kaa, sikiliza, na uandike kila ulichosema pamoja na makosa yake. Utaona mambo kwa macho: vitenzi vyote viko wakati uliopo, "que" haionekani kabisa, au umerudia "fazer" kila mahali. Hiyo karatasi ndiyo mtaala wako. Itunze, na rekodi yenyewe usiifute hata ikikuaibisha.

Hatua ya 2: Chagua Kireno cha wapi

Kama shughuli yako ni Msumbiji au Angola, fuata kanuni za Ureno, kwa sababu shule na ofisi za huko ndizo zinazofuata, kisha ongeza maneno ya mtaani. Kama unaenda Brazil, fuata Brazil tangu leo. Mtu wa Maputo atasema "estou a trabalhar", Mbrazili "estou trabalhando". Treni ni "comboio" kwa mmoja na "trem" kwa mwingine. Chai ya asubuhi Lisbon ni "pequeno-almoço", Brazil "café da manhã", na Msumbiji utasikia "matabicho". Ukichanganya utaeleweka, lakini sikio lako litachelewa kukomaa.

Kwenye maandishi, usishtuke ukiona gazeti la Maputo limeandika "acção" na "director" wakati la Lisbon limeandika "ação" na "diretor". Ureno na Brazil zinatumia makubaliano ya tahajia ya mwaka 1990, na Msumbiji magazeti mengi yamebaki na ile ya awali. Zote ni sahihi kwao.

Mifano yangu hapa chini inafuata Msumbiji.

Hatua ya 3: Tenga muda, na uache baadhi ya vitu

Saa 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 8. Zinapata kama saa 140, na zinatosha kusogea kwa mtu ambaye tayari ana msingi. Usizibane zote sehemu moja. Saa ya kwanza iwe alfajiri kabla ya pilikapilika, kwa ajili ya vitenzi. Ya pili ni ya kusikiliza, na hii inaweza kuliwa na foleni: anayetoka Buhongwa au Igoma kwenda mjini na daladala anayo tayari, na anayesafiri na meli kwenda Nansio anayo zaidi ya hiyo. Saa ya tatu ni jioni, kuongea na kuandika. Sauti zote zipakue usiku ukiwa na bando la bei nafuu, ili mchana usitegemee mtandao.

Unachoacha ni michezo ya simu ya kulinganisha picha na neno, na orodha ndefu za msamiati. Vilikufikisha hapa, lakini havikupeleki mbele.

Hatua ya 4: Vitenzi, kwa kutumia Kiswahili chako

Hapa ndipo utatumia wiki tatu za kwanza karibu zote. Chukua hali moja unayoifahamu na uizungushe. Mimi napenda dagaa wa Mwaloni pale Kirumba, maana kila mtu wa Mwanza anajua mvua ikinyesha dagaa hawajakauka kinachofuata ni nini.

Nataka dagaa wakauke. Quero que o dagaa seque.
Ni lazima tupakie leo. É preciso que carreguemos hoje.
Dagaa wakikauka, tutapakia. Quando o dagaa secar, carregamos.
Mvua isingenyesha, tungepakia leo. Se não chovesse, carregávamos hoje.
Mvua isingalinyesha jana, mzigo ungalikuwa umeshafika. Se não tivesse chovido ontem, a carga já teria chegado.

Angalia mstari wa kwanza na wa pili. Ile "-e" ya mwisho katika "wapakie", "aje", "tufike" ndiyo kazi ya "presente do conjuntivo" ya Kireno. Pale ambapo Kiswahili kinadai "-e" baada ya kutaka, kuomba, lazima, afadhali na ili, Kireno nacho mara nyingi kitadai conjuntivo baada ya "que". Si kila mahali: baada ya "espero que" na "duvido que" Kireno kinaidai hata pale sisi tunaposema "natumaini atakuja". Lakini nusu ya safari umeshaimaliza. Mtu anayefikiri kwa Kiingereza hana pa kuishikia, na ndiyo maana vitabu vyake vinaifundisha kwa kurasa na kurasa.

Mstari wa tatu ni "-ki-" yetu. Kireno kina "futuro do conjuntivo" inayotumika baada ya "quando", "se", "logo que" na "enquanto" kwa jambo ambalo bado halijatokea. Ukifika nipigie: quando chegares, liga-me. Wakitaka waje: se quiserem, que venham. Kila unapohisi "-ki-" ya jambo lijalo, simama na uulize kama hapo pana futuro do conjuntivo. Mara nyingi utakuta ipo.

Wa nne na wa tano ni "-nge-" na "-ngali-", na sina haja ya kueleza zaidi.

Maumbo yake yana ujanja mmoja unaookoa siku nyingi. Jifunze vizuri "pretérito perfeito" (wakati uliopita wa jambo lililokwisha) ya nafsi ya "wao" kwa vitenzi visivyo vya kawaida: fizeram, tiveram, vieram, foram, puderam, quiseram, disseram, souberam, estiveram. Ukitoa "-am" unapata futuro do conjuntivo: fizer, tiver, vier, for, puder. Ukitoa "-ram" na kuweka "-sse" unapata ile ya "-nge-": fizesse, tivesse, viesse, fosse, pudesse. Umbo moja limezaa mawili. Mtego upo kwa "ver" na "vir": "quando o vir" ni nikimwona, "quando ele vier" ni akija. Hizo mbili zifanyie mazoezi peke yake.

Kisha nenda kwenye wakati uliopita. "Comprei" ni nilinunua, limekwisha. "Comprava" ni nilikuwa nikinunua, desturi au hali iliyokuwa ikiendelea. "Estava a pesar a carga quando o telefone tocou" ni nilikuwa napima mzigo simu ilipoita. Vipo vitenzi vinavyobadilika maana kabisa. "Sabia" ni nilikuwa najua, "soube" ni nilipata habari. "Não queria" ni alikuwa hataki, "não quis" ni alikataa. Kwenye biashara tofauti hiyo ina uzito wake.

Na "-me-"? Hapa uwe macho. "Nimenunua" si "tenho comprado". Nimenunua ni "já comprei". "Tenho comprado em Kirumba" maana yake siku hizi nimekuwa nikinunua Kirumba, mara kwa mara, na naendelea.

"Ser" na "estar" usizifanye falsafa. "O peixe é caro", samaki ni ghali, ndivyo alivyo. "O peixe está caro", siku hizi kapanda bei. Jinsia za nomino nazo zisikusumbue. Mtu anayesema "viatu vyangu vizuri vimepotea" bila kuwaza, upatanisho hauwezi kumshinda. Kariri tu wale wakorofi: o problema, o sistema, o mapa, o dia, a mão, a viagem.

Kinachobaki kigumu kweli ni vile viambishi vidogo vya mtendwa. Sisi tunavichomeka ndani ya kitenzi: nimemwona. Kireno cha Ureno kinaviweka nyuma, "vi-o", lakini kikiona "não", "já", "ainda", "que", "quando", "se" au "também", kinavivuta mbele: "não o vi", "quando o vi". Njia ya kuvizoea ni kusema, si kusoma. Chukua sentensi kumi za kukubali, zigeuze za kukanusha kwa sauti, kila asubuhi. Msumbiji utasikia sana "lhe" mahali ambapo kitabu kinataka "o" au "a". Elewa wanaposema hivyo, ila kwenye barua rasmi na mtihani fuata kitabu.

Hatua ya 5: Sikio

Kuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Umoja wa Mataifa, DW na RFI wote wanatangaza kwa Kiswahili na kwa Kireno. Soma habari ya siku kwenye ukurasa wa Kiswahili, halafu tafuta habari hiyohiyo, au inayofanana nayo, kwenye ONU News (habari za Umoja wa Mataifa kwa Kireno) au DW ya Kireno kwa Afrika. Tayari unajua nani kafanya nini, kwa hiyo akili inabaki na kazi moja ya kusikia inavyosemwa.

Chagua kipande cha dakika moja tu, kisizidi. Kisikilize mara ya kwanza bila kusoma. Mara ya pili andika unachosikia, ukisimamisha kila baada ya sentensi. Kisha fungua maandishi ya habari hiyo, weka mstari chini ya ulichokosa, na usikilize tena ukifuata kwa macho. Mwisho kisome kwa sauti pamoja na mtangazaji. Dakika moja hiyo inaweza kula dakika arobaini. Ndivyo inavyotakiwa.

Utagundua kwamba Wareno wanameza irabu. "Telefone" inatoka karibu kama "tlfon", na "está" inabaki "tá". Watangazaji wa Msumbiji wanatamka wazi zaidi, hivyo anza nao, Wareno uwaache mpaka wiki ya tano.

Kwa upande wa kutamka kuna sauti mbili za kuhangaikia. Ya kwanza ni irabu za puani. Sema "pau", halafu "pão". Sasa bana pua kwa vidole na urudie. "Pau" haibadiliki, "pão" inapaswa kuziba. Kama haizibi, bado unasema kijiti badala ya mkate. Fanya hivyo pia kwa "mau" na "mão".

Ya pili inatuhusu sisi tuliokulia kwenye Kisukuma, ambako "r" na "l" hazigombani. Kireno kina tatu: "caro" (ghali), "carro" (gari), "calo" (sugu ya mkononi). "Rr" kwa Msumbiji wengi huitetemesha ulimi, Lisbon inatoka kooni, Brazil inakaribia "h" yetu. Jirekodi ukisema "o carro é caro" na umpe mwenzako asikilize bila kumwambia ulichosema. Ukiwa na subira, neno "calor" ndilo la kupimia, lina zote mbili, na Mwanza mwezi wa kumi utalihitaji kila siku.

Hatua ya 6: Mdomo

Usijaribu kuongea kila kitu. Chagua fani moja, ile utakayoitumia kweli, na uizungumze mpaka ichoshe. Muuguzi achukue wodi, dereva achukue barabara na mpaka, mfanyabiashara mzigo na malipo. Kwa mfano wetu:

— Bom dia, mano. A carga já saiu?
— Ainda não. Choveu e o dagaa molhou-se.
— Então quando é que carregam?
— Logo que secar. Se não chover, saímos na quinta.
— E se chover?
— Se chover, ligo-lhe. Peço que tenha paciência.

Mistari sita, na ndani yake mna karibu kila kitu cha hatua ya nne. Iseme ukiwa mtu wa kwanza, kisha wa pili. Badilisha mzigo, badilisha kikwazo: lori limeharibika Singida (o camião avariou), mizani imekosea, mteja hajalipa. Dagaa mtu wa Maputo huenda asiwajue kwa jina letu. Mwambie "peixe miúdo seco". Sangara ni "perca-do-nilo", sato ni "tilápia". "Rede" ni wavu, na pia ni mtandao wa simu, kwa hiyo "não há rede" itakufaa ziwani kwa namna zote mbili.

Mwenza wa kuongea naye utampata mtandaoni. Msumbiji kaskazini, Cabo Delgado hasa, wako watu wanaokifahamu Kiswahili au wanaokitaka kwa biashara ya Tanzania. Badilishaneni, nusu saa Kireno na nusu saa Kiswahili, na msichanganye. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni bora kuliko simu kwa wiki mbili za mwanzo, kwa sababu unaweza kufuta na kurudia. Baada ya hapo hamia kwenye simu ya moja kwa moja, hata mtandao ukikatika. Ukiwa na uwezo, lipia mwalimu mara mbili kwa wiki, na umpe masharti: asikufundishe sarufi, akusikilize na akusahihishe.

Hatua ya 7: Andika mistari kumi kila jioni

Simulizi, malalamiko, ombi, maelekezo, zungusha. Kamusi iwe Priberam, ya mtandaoni na ya bure, inayoeleza Kireno kwa Kireno na kuonyesha minyambuliko ya vitenzi. Ukibishana na mwenzako juu ya kanuni, tovuti ya Ciberdúvidas wamekuwa wakijibu maswali ya aina hiyo tangu 1997. Programu ya kutafsiri itumie mwishoni kujikagua tu, na ifasirie kutoka Kireno kwenda Kiswahili. Ikitoka kichekesho, rudi kwenye sentensi yako.

Wanaopenda kusoma Biblia kwa lugha mbili, njia ni nzuri, ila tafsiri za zamani zimejaa "vós" ("ninyi" ya kizamani), ambayo ukiisema sokoni watu watageuka kukutazama.

Hatua ya 8: Mambo madogo yanayoharibu miadi

Saa. "Às sete" ni saa moja asubuhi, na Maputo iko nyuma yetu kwa saa nzima. Mteja wa huko akisema "sete da manhã" kwa saa zake, wewe Mwanza ni saa mbili.

Siku. "Segunda" ni Jumatatu, "terça" Jumanne, "quarta" Jumatano. Hesabu yao iko moja chini ya yetu, mpaka Alhamisi ambapo tunakutana kwenye tano: "quinta". Andika tarehe pamoja na siku kila mara.

Fedha. Bilioni moja Msumbiji na Ureno ni "mil milhões", Brazil ni "um bilhão".

Heshima. Usimwite mtu mzima "você" kwa kudhani ni adabu. Ureno inaweza kumkera. Sema "o senhor" au "a senhora" na kitenzi cha nafsi ya tatu. Msumbiji utasikia "mano", "mana", "tio", "mamã", "papá" kwa watu wasio ndugu kabisa, na hapo mtoto wa Kiswahili hahitaji kufundishwa.

Hatua ya 9: Wiki ya nane

Jirekodi upya dakika tatu zilezile za hatua ya kwanza na uandike ulichosema. Linganisha karatasi mbili. Yaliyobaki makosa ndiyo ya mwezi unaofuata, kwa saa moja tu kwa siku.

Kama unahitaji cheti, ipo mitihani ya CAPLE ya Chuo Kikuu cha Lisbon, ambapo DEPLE ni B1 na DIPLE ni B2. Unachagua ngazi kabla, na ukichagua ya juu mno unapoteza ada. Kwa Brazil ni Celpe-Bras. Huo ni mtihani mmoja kwa wote, na alama zako ndizo zinazoamua upewe ngazi gani kuanzia ya kati. Ukiwa chini ya hapo hupewi cheti. Taasisi ya Camões ya Ureno nayo ina kozi za mbali kwa anayetaka kuendelea na mwalimu. Vituo na tarehe vitazame kwenye tovuti zao kabla hujakata tiketi ya kwenda popote, na ujiandikishe mtihani ambao karatasi yako ya pili inakuonyesha unauweza.